Kindi Mmoja, Vidole Viwili

Nilikuwa nimeshasukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine ya nywele imesimama kama majani ya nanasi, niliposikia ile sauti. Ilitoka kwenye simu ya binti aliyekuwa akisubiri zamu yake pale saluni. Ni sauti fupi, nyembamba, inayopanda mwishoni kama kifaranga anayeuliza swali. Pwii. Halafu kimya kidogo. Pwii, pwii. Nikageuza shingo kwa nguvu mpaka msusi akanivuta sikio: "Dada, tulia, utaharibu mstari!"

Sikutulia. Nilimwambia binti yule anionyeshe. Naam, alikuwa yeye: kindi wa ule mchezo, mwenye mkia mkubwa kuliko mwili, anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anadandia matawi, anaokota karanga. Binti alishangaa mtu wa umri wangu kumjua.

"Hii ya kwangu nimeishusha tu kwenye simu, bure," alisema. "Lakini ile yenyewe, ile ya zamani ya kushika mkononi, siku hizi watu wanaisaka kinoma. Wapo wanaokusanya. Ukiwa nayo na boksi lake na kijitabu chake, aisee, umeula."

Harufu ya mafuta ya nywele ilinitoka puani, ikaingia harufu nyingine kabisa: plastiki iliyopata moto wa jua, betri, na dawa ya kuchua ya Bibi yangu.

Ngoja niwaeleze.

Tulikuwa tukiishi Kilakala, mimi na Mama, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kibaraza kinachotazama milima. Mama alikuwa fundi cherehani sokoni. Masika ya mwaka ule Baba alikuwa amefariki. Aliugua siku chache tu, tukamzika mvua ikinyesha. Nilikuwa na miaka kumi. Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na sauti ya cherehani na sauti ya mvua, basi. Mimi nilikuwa mtoto mzuri, kila mtu alisema hivyo. Nilifua, nilipika, sikumsumbua mtu.

Mjomba Idi, mdogo wake Mama, alikuwa fundi redio mjini. Siku moja alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti: kidude cha kijivu, kizito, kinene kama kipande cha sabuni ya mche, chenye kioo kidogo cha rangi ya maji ya mchicha. Alikipata kwenye mzigo wa mitumba Dar, kikiwa kimekufa, akakifufua. Kaseti yake ya mchezo ilikuwa moja tu, ya kindi.

Mjomba alikuwa mtu wa kupenda vitu kwa moyo wote, na alipopenda kitu alipenda na ukoo wake. Alinikalisha chini akanieleza habari zake kama anayenitambulisha kwa mgeni wa heshima. Kidude kilitoka Japani. Waliokiunda, alisema, walikuwa na uwezo wa kukiwekea rangi na taa, wakaacha kwa makusudi.

"Wenzao walitengeneza vyenye rangi, vizuri kama televisheni," alisema huku akikipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. "Viko wapi leo? Rangi inakula betri, mpwa wangu Tatu. Safari haijafika Chalinze, betri kwisha. Hiki wakakifanya cha kawaida, kigumu, cha bei ya mtu wa kawaida. Ndicho kilichoenea dunia nzima. Kidondoshe uone kama kitavunjika."

Sikukidondosha. Nilikichukua nikaenda nacho kwenye kona ya kibaraza, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniona tena, ingawa nilikuwepo.

Siku hizohizo Bibi alianguka. Huyu ni Bibi mzaa Mama, Bibi Mwajuma, aliyekuwa na shamba lake Matombo, upande wa pili wa milima: migomba, michungwa, na mstari wa midalasini iliyopandwa na mama yake. Aliteleza kwenye njia ya kwenda mtoni na mkungu wa ndizi kichwani. Watu walimbeba kwa machela mpaka kwenye barabara, wakampakia kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka machungwa, na barabara ile mnaijua ilivyo. Mjomba aliyempokea alisema Bibi hakulia hata mara moja, ila aliwauliza wabebaji kama kuna mtu aliyeukumbuka mkungu wake.

Hospitali walimfunga hogo la plasta kuanzia pajani mpaka kifundoni, wakamwambia asikanyage chini mpaka mfupa uunge. Akaletwa kwetu. Ilikuwa likizo ndefu, Mama alikuwa sokoni kutwa, hivyo kazi ya kukaa na Bibi ikaniangukia mimi.

Kila asubuhi tulimsaidia kutoka nje, tukamlaza kwenye kitanda cha kamba kibarazani. Alitaka kichwa chake kielekee mahali anapoweza kuona milima. Nilimwambia Matombo haionekani kutoka Kilakala, iko nyuma huko. "Najua," alisema. "Naangalia mgongo wa nyumba yangu. Mgongo si nyumba?" Kisha akanipa utani wake wa siku zote: "Haya, mke mwenzangu, niletee chai kabla mume wetu hajaamka." Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Nilimpa chai, nikakaa pembeni na kidude changu. Kioo kile hakikuwa na taa ndani. Hukioni mpaka ukielekeze juani. Kwa hiyo jua lilivyosogea, nami nilisogea, mpaka nikajikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Bibi, maana jua la saa tatu lilipenda kuangukia pale.

"Kinalia kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake," alisema Bibi.

Nikapunguza sauti.

"Na huyo ni nani?"

"Kindi."

"Anakwenda wapi?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikasema anakwenda kulia.

"Kulia kuna nini?"

"Sijui, Bibi. Sijafika."

Akanyoosha mkono. "Lete nimpeleke mimi."

Wenzangu, Bibi yangu alikuwa na vidole vya jembe. Kidole gumba chake kilifunika vitufe viwili kwa pamoja. Kindi alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye shimo la kwanza, akatumbukia. Bibi akakiweka kidude kifuani, akafumba macho. "Inna lillahi," alisema. "Nimemuua mtoto wa watu." Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, au ndivyo nilivyoona. Nikamwambia hajafa, ana roho tatu, angalia, huyo amerudi. Akafumbua jicho moja. Kindi alikuwa amesimama pale mwanzo, mkia wake unatikisika kana kwamba hakuna lililotokea.

Bibi alicheka mpaka hogo likagonga ukingo wa kitanda. "Kumbe! Roho tatu! Na mimi kule mtoni mbona nilipewa moja?"

Alimwua tena. Na tena. Asubuhi yote ilikuwa misiba, na kila msiba aliusomea dua fupi. Nilianza kumfundisha. Nilikuwa sijazungumza maneno mengi kiasi kile kwa miezi: hapa bonyeza, hapa ngoja, hapa jiwe linabingirika, lihesabie, sasa. Lakini vile vidole havikutaka. Alipojaribu kuruka alisimama, alipojaribu kusimama aliruka.

Basi yeye ndiye aliyegundua dawa. "Wewe una kidole kizuri cha kuruka," alisema. "Mimi najua kwenda. Shika upande wako, nishike upande wangu."

Tukakishika hivyo, shavu kwa shavu. Kidole gumba chake cha kushoto kilimwendesha kindi mbele na nyuma, changu cha kulia kilimrusha. Mwanzoni tulikuwa kama punda wawili waliofungwa jembe moja. Mimi niliruka kabla hajafika, yeye alikwenda kabla sijaruka. Tuligombana. Aliniita mzembe, nikamwita king'ang'anizi, jambo ambalo Mama angenichapa kwalo, lakini bibi na mjukuu ni watani. Kisha, siku moja, bila kujua lini hasa, tukaacha kuhitaji kusemeshana. Nilisikia pumzi yake ikibanwa karibu na sikio langu, nikajua ni sasa, nikabonyeza. Kindi akapaa.

Mchezo ule nauheshimu mpaka leo. Msidhani ulikuwa kitu cha kitoto. Waliouunda walikuwa na vivuli vinne tu vya rangi na nafasi ndogo kuliko ya picha moja ya simu zetu za sasa, wakajenga humo msitu, mapango, mto wenye magogo yanayoelea, na mwisho kabisa mlima. Kila kikwazo kilikufundisha kitu utakachokihitaji kwenye kikwazo kinachofuata. Hakuna mtu aliyekusomea maelekezo. Shimo lenyewe ndilo lililokuwa mwalimu. Na kaseti ile ya mwanzo haikuwa na kumbukumbu. Ukizima, umerudi mwanzo. Anayetaka kufika juu ya mlima aende kwa mkao mmoja.

Adui yetu alikuwa betri. Kidude kilikula nne kwa mkupuo. Mjomba alituletea alizoweza, na zilipochoka tuliziweka juu ya bati zipate joto, kisha zikaamka kwa muda kidogo, kama wazee wanaoitwa kwenye ngoma. Bibi aliitazama hali hiyo akatikisa kichwa. "Wanasema mchumia juani hulia kivulini," alisema. "Hiki tunakichumia juani, na kivulini hata hakionekani."

Zilipokuwa juu ya bati tukizisubiri, Bibi alisimulia. Alinipitisha njia yote ya kwao, jiwe kwa jiwe, kutoka Mkuyuni kwenye soko mpaka mlangoni kwake, na midalasini aliitaja mmoja mmoja kama watu. Kuna siku, bila mimi kutegemea, alinieleza jinsi Baba alivyokwenda kuposa. Alifika Matombo na viatu vipya, akateleza kwenye tope mbele ya wakwe, akaketi palepale chini akasema, "Shikamooni." Nilicheka. Kisha nikainuka ghafla, nikaenda kuangalia betri.

Siku ile kubwa ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na betri mpya, jua safi, na Bibi alikuwa amekunywa uji wake mapema kama mtu anayesafiri. Msitu tukaumaliza. Mapango tukayamaliza bila kupoteza roho. Tulipokuwa katikati ya mto wakaja wanawake watatu wa mtaani kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, marahaba," alisema Bibi bila kuinua macho. "Karibuni, ketini, tuko kwenye maji."

Walitazamana. Mmoja akauliza mguu unaendeleaje. Bibi akasema mguu upo, wauache kwanza. Mwishowe wote watatu walisimama nyuma ya kitanda, shingo zimenyooshwa, na kindi alipodandia gogo la mwisho walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Tukaingia mlimani. Sikuwahi kufika huko. Si peke yangu wala na Bibi. Miamba ilidondoka, upepo ulimsukuma kindi nyuma. Tulibakiwa na roho moja. Nilikiona kileleni kiota, kidogo, mahali palepale alipokuwa akienda siku zote hizo. Na hapo kitaa chekundu cha betri kikaanza kufifia.

"Bibi, inazima."

"Twende tu."

Kioo kilianza kuwa cheupe pembeni. Niliruka mwamba, nikaruka mwingine. Picha ikapauka, kindi akawa kivuli, kivuli kikawa ukungu, sauti ikavutika ikawa nzito kama mtu anayesinzia. Kisha hakikuwepo kitu. Kioo kitupu cha rangi ya maji ya mchicha, na ndani yake nyuso zetu mbili.

Nililia. Mwanzo nililia kwa ajili ya kindi, nawaapia, kwa sababu tulikuwa tumebakiza miamba miwili. Halafu chini ya kilio hicho kikafunguka kingine, kikubwa, ambacho sikukijua, kikanitoka kwa sauti isiyo yangu. Nilisema, "Alikuwa anakaribia kufika! Alikuwa anakaribia!" na katikati ya maneno hayo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Baba." Wale wanawake hawakunyamazisha mtu. Bibi alinivuta juu ya kifua chake, hogo na yote, akanishika kichwa. Hakusema nyamaza. Alisema, "Lia. Lia, mwanangu. Nipo." Nililia mpaka kivuli cha nyumba kikafika kitandani, nikalala hapohapo.

Kileleni tulifika wiki iliyofuata, kwa betri za Mjomba. Kindi aliingia kwenye kiota, pakatokea maandishi ya kigeni tusiyoyajua, na kimuziki kifupi. Bibi alisubiri. Hakukuwa na kingine. "Ndo hivyo tu?" akauliza. "Amehangaika milima yote hiyo akalale?" Kisha akafikiri. "Haya. Hata mimi ningelala."

Hogo lilitolewa, akabaki nasi akitembea kwa fimbo, tukicheza asubuhi na kupika jioni, mpaka shule ilipofunguliwa. Ndipo akarudi Matombo.

Sasa nirudi kwenye siku hizi. Baada ya ile saluni, nywele zikiwa zimekamilika, nilikwenda kwa Mama, nikakitoa kidude kabatini. Nilituma picha kwenye kundi moja la mtandaoni la wakusanyaji. Siku chache baadaye akaja mtu kutoka Dar, Bwana Elia, mpole, mwenye begi lililojaa vitambaa laini na bisibisi ndogondogo. Aliingia, akamwamkia Mama, akakaa, akakipokea kidude kwa mikono miwili.

Ilinifurahisha kumtazama. Alichunguza skrubu kama ni zenyewe, kifuniko cha betri kama hakijabadilishwa, lebo ya kaseti kama si ya kugushi, maana alisema za kugushi ni nyingi kuliko za kweli. Alisafisha meno ya kaseti kwa spiriti. Alinieleza kwamba kaseti za toleo lile la kwanza, lisilo na kumbukumbu, ndizo zinazotafutwa zaidi, kwa sababu matoleo ya baadaye yalirahisishwa.

"Ni nzuri sana," alisema. "Kasoro ni hizi mbili tu. Boksi hakuna. Na hapa kushoto kitufe kimelika upande mmoja, sijui mtu alikuwa akikibonyeza na nini."

"Na jembe," nikasema.

Mama, aliyekuwa akimimina chai, alicheka. "Marehemu Mama yangu huyo," alimwambia mgeni. "Na alivyokuwa hakipendi!"

Nikamgeukia. Nikamwambia Bibi alikipenda kuliko mimi.

"Baadaye alinogewa, sikatai," alisema Mama. "Lakini mwanzoni? Jioni ukishalala alikuwa anajifunga kanga kichwani, anasema kile kifaranga kimempasua ubongo. Mimi nilishapanga na jirani aje amwangalie kutwa, wewe ucheze na wenzako. Akakataa. Akasema, 'Niachie huyu asiyelia. Mtu amezikiwa baba yake hajatoa chozi, anaosha vyombo tu. Nitamtafutia njia.'"

Bwana Elia aliacha kufuta. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, sikujua nikiweke wapi.

"Na hogo lilipotolewa daktari alimruhusu siku ileile," Mama akaendelea. "Idi alikuwa na gari tayari. Akasema mguu bado unamuuma. Haukuwa unamuuma. Alisema mtoto ndiyo kwanza ameanza kulia vizuri, hawezi kumwacha katikati."

Sikukiuza kidude, na Bwana Elia, mtu muungwana, hakunisisitiza. Alimaliza chai yake, akaniachia bisibisi moja kama zawadi. Lakini usiku huo si kidude nilichokuwa nakifikiria. Nilikuwa nakumbuka likizo iliyofuata ile, nilipopanda Matombo kwa mara ya kwanza peke yangu. Bibi alinipokea njiani, akitembea na fimbo yake, akanizungusha shambani. Migomba ilikuwa imevunjwavunjwa na ngedere. Na pale palipokuwa na mstari wa midalasini ya mama yake, ile aliyonitajia mmoja mmoja kibarazani, palikuwa na visiki, na kando ya kila kisiki mche mpya unaofika magotini kwangu. Mtu alikuwa amepita wakati Bibi yuko kwetu, akaichuna yote, akaikata.

Nilimuuliza ile mikubwa imekwenda wapi.

"Ilikuwa imezeeka," alisema Bibi, akanishika mkono tukaendelea na njia.

Nami nikaamini. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba mdalasini hauzeeki kwa msimu mmoja.